Unamfuata Mkeo Solwezi

Manika, Kolwezi, Jumamosi mchana

Kazadi mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya kuambiwa: pa kuficha pasi ya safari, maji gani unywe njiani, usikae ukingoni mwa kamyo, lile lori, usimwachie Gladys mzigo mzito. Nimemsikia tangu asubuhi, na sitarudia. Kesho kamyo lililoleta unga linarudi Zambia tupu, na wewe na mkeo mtakuwa juu yake. Safari hii una kibali cha kuishi kule, chenye picha yako na mhuri.

Nimekaa mezani, ninyi mko nje uani mnafunga kamba. Nakuandikia kwa sababu nikitaka kusema nawe kwa mdomo, sauti yangu inageuka kuwa ya karani mkuu na inatoa amri. Kalamu ina subira zaidi. Nataka ujue nilikosea nini, na ujue ninavyokuonea fahari. Mambo hayo mawili sikuweza kuyatenganisha, ndiyo maana barua ni ndefu.

Babu yako aliletwa hapa kutoka Kasai akiwa kijana, kuchimba shaba. Mimi nilizaliwa hapa, katika nyumba ya matofali ya kampuni. Nilisoma hapa, nikawa karani wa stoo hapa, nikamwoa hapa mama yako Rejina, msichana wa Kilunda wa Sandoa aliyekuja kujifunza kushona kwa masista. Siku ya mahari, baba yake alinishika bega akasema, "Sasa uko mutoto wetu." Nilicheka. Nilidhani ni pombe inayosema.

Halafu kazi zikaanza kufa. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, na mshahara ukawa kama mvua ya mwezi wa saba. Watu wenye njaa wakapewa mtu wa kulaumu, na mtu huyo tulikuwa sisi, watu wa asili ya Kasai. Ulikuwa na miaka kumi na minne, unakumbuka. Vijana uliokuwa ukicheza nao mpira walipita mtaani wakipuliza filimbi, wakituita wadudu. Jirani yetu wa ukuta mmoja alisimama mlangoni, macho chini.

"Tata Mulumba, mwende," alisema. "Mi sina ubaya na nyinyi. Lakini mwende leo."

Tulikwenda. Tulijazana na wenzetu kwenye uwanja wa shule karibu na reli, tukingoja gari-moshi la kutupeleka Kasai. Siku ya tano akatokea mjomba wako Kapend, kaka wa mama yako. Alikuwa ametoka Sandoa kwa baiskeli, matairi ameyajaza majani kwa sababu mipira ya ndani ilikwisha njiani. Midomo ilikuwa imempasuka. Alinikuta nimekalia sanduku.

"Shemeji, simama. Tunaenda Sandoa."

"Kufanya nini? Mi si mutu wa Sandoa."

"Bibi yako ni wa Sandoa, inatosha. Mutu akiuliza, tutamwambia: huyu ni muko wetu, bwana ya dada yetu. Hakuna mutu atakugusa."

Muko, mkwe. Neno hilo tu lilikuwa limempandisha baiskeli siku zote zile. Nami nilimjibu mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika, "Mwanaume haingii inchi ya batu kwa mugongo wa bibi yake."

Wanaume kadhaa waliokuwa karibu walitikisa kichwa kunikubali. Nilijisikia mrefu. Nyumba sikuwa nayo tena, wala kazi, wala mji niliozaliwa, lakini nilijisikia mrefu.

Kapend hakukasirika. Alisema, "Basi nipe dada yangu na mimba yake." Mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliniuliza swali moja: "Mulumba, unataka kuwa na haki, ao unataka kuwa na sisi?" Nilimwambia nitamwita nikishapata pa kukaa. Hakulia. Alifunga kitambaa chake kichwani upya, akakushika uso kwa mikono miwili, akaondoka nyuma ya kaka yake kutafuta gari la kwenda Mutshatsha, njia ya Sandoa. Nilikuzuia wewe, nikasema mtoto wa kiume hufuata baba. Hukubisha. Uliwatazama mpaka wakapotea kwenye umati, kisha ukanitazama mimi. Mtazamo ule bado ninao.

Kasai, nilikokuita kwetu, hakuna aliyenijua. Kiluba changu kilikuwa kimechanganyika na Kiswahili cha hapa, watoto wakacheka, watu wazima wakatuita Wakatanga. Ndugu wa mbali alitupa upande mmoja wa sakafu yake. Karani wa stoo asiye na stoo ana faida gani? Mimi nilikaa nikiandika barua za kuomba kazi katika maofisi ambayo mengine yalikuwa yamekwisha kufungwa. Wewe uliacha shule ukaingia kwenye mashimo ya almasi pamoja na wanaume wazima. Jioni ulirudi umefunikwa udongo hata nisijue ni wewe mpaka ukohoe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, nami nilikula ulicholeta. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba sasa.

Mama yako alituandikia, barua zikipita mikono ya wasafiri. Ya kwanza ilisema: amezaliwa msichana, tumemwita Ngalula kama ulivyotaka, njoo. Nilijibu kwamba bado. Ya pili ilisema njoo tu. Ya tatu haikuwa na neno hata moja. Alikuwa amekiweka kiganja cha Ngalula juu ya karatasi akakizungushia kalamu. Niliikunja nikaiweka ndani ya shati, nikakaa nayo hivyo, na bado sikwenda. Nilikuwa nangoja nini? Nilingoja Sandoa inialike kwa jina langu mwenyewe, si kwa jina la mke wangu.

Wewe ndiye uliyefanya nilichoshindwa. Ulimwandikia mjomba wako kwa siri, akajibu kwa mkono wa dereva: "Kujeni. Njia haina miiba." Uliiweka barua mbele yangu wakati nakula, ukasema, "Tata, mi ninaenda kwa mama. Ukitaka, tutaenda pamoja." Miaka kumi na saba, na sauti yako haikutetemeka. Nilinyanyuka nikakufuata, mimi niliyesema mtoto hufuata baba.

Tulipofika Sandoa, Ngalula, mwenye miaka karibu mitatu, alijificha nyuma ya miguu ya Kapend. Alikamata suruali yake akasema, "Tata, ule nani?" Swali lilimhusu mtu mgeni, yaani mimi. Kapend alimbeba, akamsogeza kwangu taratibu, akamwambia, "Huyu njo Tata ya kweli. Mi nilikuwa ninamushikia nafasi." Mtu anawezaje kuwa na moyo wa namna ile?

Kesho yake alinipeleka kwa chifu, maana mgeni lazima ajulishwe. Chifu aliniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikasema, "Mi ni bwana ya Rejina." Akasema, "Karibu, muko," kisha akaendelea na habari ya mihogo yake iliyoliwa na nguruwe. Ikaisha. Jambo lililonichukua miaka mitatu, kwa yule mzee halikumaliza hata pumzi moja.

Ungedhani nilijifunza siku ile. Sikujifunza, Kazadi. Karibu ile niliinywa kama dawa, lakini sikukubali kwamba nilikuwa mgonjwa. Ukali ulipopungua tukarudi Kolwezi, tukapanga vyumba hivi viwili vya Manika. Mama yako akashona, wewe ukajifunza kuchomelea vyuma, na mimi nikawa mtu wa kueleza wenzake jinsi kampuni ilivyokuwa zamani.

Kisha siku moja ukasema unataka kwenda Zambia, kule kuna kazi ya mafundi. Nami nikakuletea akili yangu. Nilisikia kuna mtu mjini anayepanga ndoa za makaratasi. Nilikufuata mpaka kwenye karakana kukueleza, na nilieleza kwa majivuno: unapata mwanamke wa kule, unasaini, anasaini, unapewa kibali, kila mtu anashika njia yake. Ulivua miwani ya kuchomelea.

"Tata, mi siwezi kuazima jina ya mwanamke kama mutu anaazima mwavuli. Mvua ikiisha, nitamurudishia namna gani?"

Nilikuita mjinga. Lakini njiani nikirudi jibu lako halikuniacha, na leo naelewa kwa nini. Mke wa kweli alipotaka kunificha nilikataa. Mke wa uongo nilikuwa radhi akufiche wewe. Kwa nini? Kwa sababu mke wa uongo hulazimiki kumshukuru. Ndicho nilichokikimbia maisha yangu yote, Kazadi. Sikumkimbia mwanamke, nilikimbia kusema asante.

Gladys akaja. Alikuja kutoka Zambia na shangazi yake kuuza unga, mkokoteni wao ukavunjika ekseli mbele ya karakana yako. Ulichomelea. Yeye akaupiga teke pale ulipounga, pakalia, akakuambia, "Rudia." Ukarudia. Mama yako alipenda sana hadithi hiyo, mimi nilijifanya sisikii. Uliposema unataka kumwoa na kwenda kuishi kwao Solwezi, nilisikia kitu kimoja tu: mwanangu anaingia nchi ya watu kwa mgongo wa mkewe.

Siku aliyokuja kutusalimu, alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima kama watu wa kwao, Wakaonde, wanavyofanya. Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki hiki.

"Wewe njo karatasi yake?" nikamuuliza.

Mama yako aliacha kikombe mezani. Wewe ulinyanyuka. Gladys akakuzuia kwa mkono bila kugeuka.

"Awe, Tata," alisema, yaani hapana, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Karatasi inapasuka. Mi ni mutu."

Akanywa maji aliyopewa, akashukuru, akaaga. Sikuwahi kuona mtu akiondoka na heshima yote ya nyumba kama alivyoondoka yeye.

Sikuja kwenye ndoa yenu. Nilisema mguu unauma. Mama yako alikwenda, na Kapend akatoka Sandoa yote ile kwenda kukaa kwenye kiti cha baba wa bwana-arusi. Mara ya pili alinishikia nafasi. Mliporudi mama yako hakunisimulia chochote, alitundika tu kitenge chake cha arusi kwenye kamba pale nitakapokiona.

Mengine uliyaishi wewe mwenyewe, lakini nataka ujue namna nilivyoyaona mimi. Mlipeleka maombi kwenye biro ya wageni, ofisi ya uhamiaji kule Zambia, yakarudishwa. Huko ni rahisi zaidi mke kumfuata mume kuliko mume kumfuata mke. Uliniambia bwana wa biro alimwambia Gladys kwa adabu kabisa, "Mama, mke humfuata mumewe. Kongo si mbali." Naye akamjibu, "Kwetu mume huja kwa wakwe akalima. Wewe, bwana, baba yako hakulima kwa kina mama yako?" Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, bwana wa biro naye akacheka, lakini kibali hakikutoka. Gladys alirudi mwezi uliofuata, na mwezi baada ya huo.

Pasi yako ya siku chache ikaisha. Askari wakawakusanya wageni sokoni, wakawapandisha kamyo Wakongomani wote wasio na karatasi, wakawaacha mpakani. Ulifika hapa na nguo za kazi, bila koti. Mtoto wangu, amefukuzwa mara ya pili maishani mwake. Nami nikasema neno moja: "Nilikuambia."

Uliketi pale mlangoni ukavua viatu. Nikarudi ndani nikijua kwamba nimekuwa yule jirani wa ukuta mmoja, na mbaya kuliko yeye, maana yeye angalau alitazama chini.

Baada ya siku tisa Gladys akaingia uani, koti lako begani na sanduku la vyombo vyako kichwani. Sanduku lile! Mimi siwezi kuliinua kutoka sakafuni. Alilitua, akapiga makofi ya salamu, akamwambia mama yako, "Mama, nimekuja kungoja naye."

Tukaishi wote katika vyumba viwili. Aligombana na mama yako kila siku juu ya bukari, yaani ugali, kwamba yetu ni laini mno na yao ndiyo inayosimama, na wote wawili waliupenda ugomvi ule. Alimfundisha Ngalula nyimbo za kwao. Kwangu alikuwa na adabu kamili, bila kujikomba hata kidogo. Siku moja, wewe uko karakana, alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, akauweka mezani.

"Tata, mama anasema ulikuwa karani. Hizi karatasi zimenishinda. Unisaidie kuzipanga."

Kazadi, ilikuwa zaidi ya miaka kumi hakuna mtu aliyeniomba kazi yangu. Nilinawa mikono. Nilizipanga kwa tarehe: cheti cha ndoa, barua ya mjomba wake, barua za biro, picha. Nilimwomba sindano na uzi nikazishona pembeni, kama tulivyofanya stoo. Nikafika kwenye barua ya kukataliwa, ile ya mwisho, nikaisoma yote kwa sababu karani husoma yote. Ilisema ndoa inatiliwa shaka. Ilisema kwamba katika picha na katika ushahidi hakuna mzazi wa kiume wa mume, na kwamba hapajaelezwa kwa nini.

Ilikuwa mimi. Si sheria yao iliyokuweka juu ya kamyo lile mpaka mpakani. Ni kiti changu kilichokaliwa na mtu mwingine.

Nilimtazama. "Ulijua?"

"Nilijua, Tata."

"Kazadi anajua?"

"Awe. Sikumusomea ile mahali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua utaisoma wewe mwenyewe," alisema. Akachukua ndoo akaenda kuchota maji, ili niwe peke yangu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nilikuficha mpaka leo. Ulifikiri niliamua kwenda Solwezi kwa sababu nimewahurumia. Nilikwenda kwa sababu mkeo angeweza kuniaibisha mbele yako, akachagua kuniletea kazi. Sijui neno la kumtaja mtu wa namna hiyo. Mama yako ni wa namna hiyo, na Kapend. Nimezungukwa nao maisha yangu yote nikitazama upande mwingine.

Siku ya biro unaikumbuka, tulipokwenda sote watatu kwa pasi za siku chache. Waliwaita mmoja mmoja. Wakakuuliza wiki ile mlikuwa mmegombana juu ya nini, ukasema chumvi. Wakamuuliza yeye, akasema, "Hatukugombana. Nilishinda." Kupitia mlangoni nilimwona bwana wa biro akiuma mdomo asicheke. Kisha akaniita mimi. Wewe ulikuwa nje, kwa hiyo hujui tulichosema.

Alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye miwani. Tuliongea Kibemba, kile changu kibovu cha mgodini. Aliniuliza, "Mzee, kwa nini hukuja kwenye ndoa ya mtoto wako?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mguu. Njia nzima juu ya kamyo nilikuwa naufanyia mazoezi mguu ule. Lakini lile faili lilikuwa mbele yake, nililolishona kwa mkono wangu, karatasi zote za kweli, na nikaona sitaweza kuongeza humo uongo mmoja wa kwangu.

"Niliona haya," nikasema.

"Haya ya nini? Ya msichana?"

"Ya mwanangu kuitwa mume wa mtu."

Nikamweleza uwanja wa shule karibu na reli, na Kapend na matairi yake ya majani, na nilichomjibu mbele ya watu. Nikamweleza mashimo ya almasi. Nikamweleza kiganja cha Ngalula. Sikukusudia kulia, nawe usimwambie mama yako. Nikasema, "Bwana, ndoa hii ni ya kweli. Ingekuwa ya uongo ningekuja tangu siku ya kwanza, maana ya uongo ndiyo niliyomshauri. Huyu kijana alinikatalia."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Aliuliza kitu kimoja, nacho hakikuwa cha kazi: "Huyo binti yako, sasa anamwita nani baba?"

"Sisi wote wawili."

"Vizuri," akasema, akaandika. Kisha akaniambia, "Mkipata, mwambie mtoto wako asiache kulima kwa wakwe. Mimi nililima miaka miwili."

Kibali kikaja. Ulitusomea hapa uani, ukafika mahali palipoandikwa kwamba unaruhusiwa kuishi kule kwa kuwa ni mume wa raia, ukacheka, ukasoma tena kwa sauti kubwa zaidi huku umemshika Gladys kiunoni. Mimi nilikuwa nakutazama usoni. Nilikuwa natafuta haya, hata kidogo, ile niliyokuwa nayo mimi. Haikuwepo. Niliwaza: huyu mtoto ameitoa wapi nafasi hii kubwa ndani yake? Kwangu haikutoka.

Sina mengi ya kukushauri. Ni haya tu ninayoyajua kwa sababu yaliniuma. Kule utakuwa mkwe kwenye ardhi ya watu, na kuna siku utahisi kwamba kila mtu anakumbuka hilo isipokuwa kuku. Siku hizo usikimbilie kusema mimi nilikuwa nani huko kwetu. Nilifanya hivyo Kasai miaka mitatu na hakuna aliyeshiba. Na siku mtakapogombana juu ya jambo kubwa kuliko chumvi, kibali kile kitataka kuingia katikati yenu. Gladys akikigeuza fimbo, mwambie siku hiyo hiyo, usikae nalo. Lakini wewe ukiona fimbo mahali asipoinua kitu, jua ni mimi ninayesema ndani yako, uninyamazishe.

Mwandikie mama yako. Akikuambia njoo, njoo. Usimngoje achore mkono wa mtu.

Jambo moja la mwisho. Leo asubuhi ulipokwenda kuaga karakana, nilimwita Gladys. Nilisimama, nikashindwa kuanza, nikaanza tena. Nikamwambia neno nililomwambia siku ya kwanza lilikuwa baya, na kwamba nimelibeba, na ninaomba anisamehe kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema si kitu, kama watu wanavyosema ili uache kuongea. Alisema, "Iliniumiza sana, Tata. Asante kwa kuisema." Kisha akapiga makofi, taratibu, nami nikapiga ya kwangu, vibaya, maana sijui wanaanzia wapi.

Akauliza, "Utakuja lini kututembelea?"

"Mvua zikianza," nikamwambia. "Lakini mgongo wangu ni mbovu. Sitaweza kulima kama yule bwana wa biro."

"Utapanda mbegu," akasema. "Mi nitachimba mashimo, wewe utatia mbegu. Mama atafukia. Lakini wewe Tata utainama kidogo."

Nimemwambia nitainama.

Baba yako,
Mulumba